Ufundi wa Roy Francis

Mchezaji ni rahisi kumsifu, maana kazi yake inaonekana. Winga akipokea mpira pembeni, akamkwepa beki na kuuweka chini nyuma ya mstari, uwanja mzima umeshuhudia trai. Kocha hufanya kazi jioni, kwenye tope, na matunda yake yakiiva huandikwa kwa jina la mwingine. Roy Francis alizifanya kazi zote mbili. Kama winga alifunga trai 229 katika mechi 356, na bado naona ukocha ndio uliomtofautisha na wengine.

Alikuwa Mweusi aliyekulia Brynmawr, mji mdogo wa kusini mwa Wales. Mwaka 1936, akiwa na miaka 17, alisajiliwa na Wigan kucheza raga ya ligi, ile ya wachezaji 13. Mchezo huo ulianza mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga kwa kudai kwamba mchimba makaa anayekosa zamu ili acheze afidiwe ujira wake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Francis alikuwa jeshini, akifundisha mazoezi ya viungo. Mwaka 1946 timu ya taifa ya Uingereza ilisafiri kwenda Australia ikamwacha. Uwezo wake ulijulikana. Kilichohofiwa ni rangi yake, katika nchi iliyokuwa na sera ya kuwazuia wasio Wazungu. Desemba 1947 aliitwa dhidi ya New Zealand, akafunga trai mbili. Hakuitwa tena.

Ukocha aliuanza Hull, akiwa bado anacheza. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Ungetarajia winga ajenge timu ya mawinga, lakini Hull, mji wa bandari, ulikuwa na mafowadi, wale wazito wa mbele: Johnny Whiteley, Tommy Harris, mapacha wa Drake. Francis akawajenga hao, na Hull wakawa mabingwa mwaka 1956 na tena 1958. Alipohamia Leeds mwaka 1963 akakuta vijana wenye mbio, akaachia mpira utembee hadi pembeni. Kocha mwenye mfumo mmoja mfukoni angeharibu mojawapo ya timu hizo.

Aliwapigisha mazoezi ya nguvu kuliko ilivyozoeleka, akawaonyesha mechi zao kwenye filamu, akazungumza nao juu ya woga na kujiamini wakati makocha wengi walijua kufoka tu. Linalonivutia zaidi ni dogo: wake za wachezaji walitafutiwa usafiri wa bure waje kutazama mechi. Wachezaji wale walikuwa na ajira zao mchana; raga ilikula jioni na Jumamosi, saa ambazo mke na watoto walizihesabu kuwa zao. Mchezaji aliyeacha ugomvi nyumbani huingia uwanjani nusu. Francis alilijua hilo bila kusubiri wataalamu wa saikolojia, ambao siku hizi klabu huwalipa vizuri kwa kulisema.

Kisha kuna dakika ambazo kocha hana lake. Fainali ya Kombe la Challenge mwaka 1968, Wembley, mvua imegeuza uwanja bwawa. Leeds wanaongoza 11 kwa 7. Wakefield Trinity wanaanzisha mpira, Ken Hirst anausukuma kwa mguu kwenye maji na kuuangukia chini ya milingoti: 11 kwa 10. Mkwaju wa pointi mbili unaofuata trai umebaki, mbele kabisa ya goli, na mpigaji ni Don Fox, aliyekwisha kuchaguliwa mchezaji bora wa siku hiyo. Fox anakosa. Waingereza wanamkumbuka Fox mpaka leo, na ni wachache wanaotaja kwamba Leeds hao walikuwa wamemaliza msimu wakiongoza ligi nzima. Hiyo ndiyo kazi ya Francis, na mimi ningeanza nayo.

Baadaye alikwenda kufundisha North Sydney, huko huko Australia, akarudi, na mwaka 1975 Leeds yake ikatwaa taji la Premiership.

Nyuma kidogo, mwaka 1961, Francis alipokuwa bado Hull, klabu hiyo ilimjaribu askari kijana Mweusi kutoka Cardiff aliyecheza kwa jina la bandia, ikamsajili mara moja. Alikuwa Clive Sullivan. Mwaka 1972 Sullivan alikuwa nahodha wa timu ya taifa katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Australia. Alikimbia na mpira karibu uwanja mzima akafunga, na kombe likaenda Uingereza.