Mbona Aisha wetu anakufa?

Hadithi zinazoandikwa hapa kambini zina tabia moja: akihitajika msichana wa kuteseka, ataitwa Aisha. Anapotea njiani, anaozwa kwa nguvu, anafariki akijifungua. Nimezisoma nyingi, na mateso yenyewe sina ugomvi nayo, wengi wetu tumeyaona. Ugomvi wangu uko kwenye jina.

Aisha ni Kiarabu, maana yake aliye hai, anayeishi. Sisi wa Kiswahili hata kamusi hatuhitaji, kwani “kuishi” na “maisha” yametoka kwenye mzizi huo huo. Mzazi akimpa binti jina hili ni kama anamwombea dua adumu. Waislamu humkumbuka pia Bibi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume, ambaye hadithi za Mtume zaidi ya 2,000 zimepokewa kutoka kwake. Huyo watu walimwendea kumuuliza, si kumhurumia.

Ndiyo maana jina limesambaa hivi. Pwani ni Asha. Kwa Wasomali ni Caasha, kwa kuwa katika mwandiko wao rasmi wa 1972 herufi C hushika nafasi ya “ain” ya Kiarabu. Karani asiyejua hilo atasoma “Chasha”, na mama wa watu akae foleni asiitike, maana huyo Chasha hamjui! Waliosoma kwa Kifaransa huandika Aïcha. Na Asha-Rose Migiro, Mtanzania aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, amelibeba jina hilo bega kwa bega na Rose.

Mwingereza Rider Haggard, kwenye riwaya yake ya 1887 iitwayo She, alimwita Ayesha malkia mweupe anayetawala ndani ya Afrika. Kitabu kile kimejaa dharau kwa Waafrika, mimi sikipendi. Lakini hata Haggard alimwacha Ayesha wake aishi zaidi ya miaka 2,000 kabla ya kumteketeza kwa moto. Sisi wetu hafiki ukurasa wa tatu.

Anayetaka kumuua Aisha amuue, hadithi ni yake. Ila kwanza tumwone akiishi: anagombania zamu ya maji, anamcheka kaka yake, mama anasimulia kwa nini alimchagulia jina hilo. Katika hadithi nyingi nilizosoma, hakuna hata jirani mmoja anayepaza sauti kumwita, “Asha wee!”