Unyenyekevu, Huruma na Ngeli ya Viumbe: Kutoka Pumwani hadi Dacca House

Huruma kwa viumbe vyote, kama ilivyofafanuliwa katika fikra za Kikristo, imezoea kusawiriwa kwa taswira za mashamba, ndege na vijito. Fransisko wa Assisi, aliyefariki mwaka 1226, aliliita jua ndugu na maji dada. Wazo hilo ni zuri, lakini halijapimwa mpaka limkute kiumbe asiyependeza. Riwaya za Nairobi zinatoa kipimo hicho, maana katika chumba kimoja cha kupanga, binadamu, panya na mende hugawana paa na pengine sufuria.

Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1954 kufanya kazi ya vitabu chini ya shirika la wamishonari wa Kianglikana, aliandika Coming to Birth (1986) akiwa muumini. Paulina anawasili Pumwani mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, akiwa na umri wa miaka 16 na ni mja mzito. Mimba inaharibika. Akitoka hospitalini anapotea njia, na anaporejea, Martin mumewe anampiga. Hapa ndipo penye utata wa dhamira nzima. Unyenyekevu ukihubiriwa kwa aliye juu humshusha. Ukihubiriwa kwa aliyekwisha kushushwa humzika. Msomaji ana haki ya kuuliza kama Macgoye hakumzika Paulina.

Jibu limo katika msuko. Paulina hajifunzi kunyamaza. Anajifunza kazi ya mikono, kujitegemea na kupima maneno ya wakubwa. Baada ya mwanawe kuuawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, msiba ambao ungemfunga moyo, yeye huyohuyo anakuja kuwajali watoto wa mitaani. Hawatazami kutoka juu, kwani amewahi kuwa mpotevu katika barabara zilezile. Unyenyekevu wake ni kumbukumbu ya mahali alipokuwa, nayo huruma inafuata bila mahubiri. Hata hivyo Martin anasamehewa kwa bei nafuu mno. Upatanisho wa mwisho unamdai mke zaidi kuliko mume, na imani ya mwandishi haiwezi kuwa kinga ya dosari hiyo.

Jambo jingine ni kwamba huruma ya Macgoye inakomea kwa binadamu. Anayeivuka mipaka hiyo, bila kutangaza imani yoyote, ni Meja Mwangi. The Cockroach Dance (1979) haimo Pumwani. Imo Dacca House, katika Grogan Road, barabara ambayo sasa ni Kirinyaga Road. Lakini maisha ya kubanana ni yaleyale. Dusman Gonzaga, msomaji wa mita za kuegeshea magari, anawachukia mende waliojaa chumbani mwake. Wakati huohuo anashindwa kumtazama usoni jirani anayeishi na mke na mtoto mlemavu katika kilichokuwa bafu. Chuki hizo mbili ni moja. Mwenye nyumba, Tumbo Kubwa, huwahesabu wapangaji wake kama Dusman anavyowahesabu mende: wengi, wasio na sura, wa kukanyagwa. Dusman anapoanza kusimama na wapangaji wenzake, ghadhabu yake inamwendea anayestahili. Mwangi hataki mende wapendwe (nani angetaka?), anakataa ngazi inayomfanya mtu aonekane mdudu.

Kiswahili kina la kuongeza katika suala hili. Katika Waraka kwa Warumi, tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 huwapa viumbe wanaougua upatanisho wa vi-, ule wa vitu na vyombo. Huenda watafsiri walikuwa na sababu, kwa kuwa hoja ya Paulo inajumuisha hata visivyo na uhai. Lakini katika sarufi ya kawaida kila chenye pumzi kimo katika upatanisho wa a-/wa-, kiwe na heshima au kisiwe nayo. Riwaya zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha inayoruhusu mdudu atengwe na mtu kwa kiwakilishi tu. Mtafsiri wa Mwangi hangekuwa na ruhusa hiyo. Angelazimika kuandika kwamba mende anakula, na Dusman anakula.