Sumu Iko Wapi? Uhakiki wa Jedwali la Vivumishi

Miongoni mwa zana ambazo wanafunzi wetu wa tafsiri huja nazo chuoni ni jedwali la vivumishi walilonakili ubaoni. Katika jedwali hilo, kivumishi cha Kiingereza kinachoishia na -ing hutafsiriwa kwa kirejeshi cha wakati uliopo, kama "inayochosha". Cha -ed hutafsiriwa kwa kirejeshi cha wakati uliopita, kama "aliyechoshwa". Vile vyenye viambishi tamati -ful, -ous, -ive na -able hupewa "-enye" au "-a". Katika makala haya tunakusudia kulihakiki jedwali hilo. Hatudai kwamba halina faida. Tunachodai ni kwamba humzoeza mwanafunzi kutazama mwisho wa neno kabla ya kutazama maana yake.

Tuanze na ubora wake. Kwa vitenzi vya hisia, jedwali linafanya kazi vizuri. Hotuba inayochosha ni "boring", na msikilizaji aliyechoshwa nayo ni "bored". Anayejua tofauti ya kutenda na kutendwa hatavichanganya viwili hivi.

Kasoro ya kwanza hujitokeza tunapotafsiri kwenda Kiingereza. Kiswahili kina vivumishi halisi vichache, na aghalabu kazi yao hufanywa na virejeshi: sura inayovutia, tabia inayodhuru, hoja inayoshawishi. Mwanafunzi mtiifu kwa jedwali huandika "attracting", "harming" na "persuading", ilhali Kiingereza kinataka "attractive", "harmful" na "persuasive". Aghalabu, pale ambapo Kiingereza kina kivumishi kilichozoeleka chenye kiambishi tamati, umbo la -ing la kitenzi hicho hubaki na kazi ya kitenzi. Pale ambapo hakuna, kama katika "boring" na "surprising", umbo la -ing hukalia kiti cha kivumishi. Kipimo chepesi, ingawa si kamili, ni kuweka "very" mbele yake: "very surprising" hukubalika, "very harming" hukataliwa.

Ifahamike pia kuwa viambishi hivi havina chimbuko moja. Maumbo ya -ing, -ed na -ful ni ya Kiingereza chenyewe, ilhali -ive, -ous na -able yaliingia kwa njia ya Kifaransa na Kilatini, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Lugha iliyokusanya viambishi vyake kwa namna hiyo haiwezi kubanwa katika jedwali la mistari mitatu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo huonekana pale ambapo Kiingereza kina maumbo yote mawili kwa maana tofauti. Tuchukue "poisonous" na "poisoned". La kwanza hueleza asili: uyoga huo una sumu tangu ulipoota. La pili hueleza tendo: kuna sumu iliyoingia au kutiwa katika kitu ambacho hakikuwa nayo. Wanafunzi wengi huandika "-enye sumu" kwa yote mawili, kwa kuwa wanaona nomino ni ileile.

Darasani kosa hilo hugharimu alama moja. Mahakamani hugharimu zaidi. Mahakama za Uganda huendeshwa kwa Kiingereza, na shahidi asiyekijua husemewa na mkalimani. Shahidi akisema, "Chakula kilikuwa na sumu," hajasema kama sumu ilitiwa na mtu. Mkalimani akichagua "poisoned", anaweza kumleta mtuhumiwa ambaye shahidi hakumtaja. Akichagua "poisonous", huenda akamwondoa. Jibu la uaminifu ni kuviacha vivumishi vyote viwili na kusema kwa Kiingereza kwamba ndani ya chakula mlikuwa na sumu. Jedwali halina nafasi ya jibu hilo.

Kasoro ya tatu ni kwamba jedwali huongozwa na Kiingereza hata pale ambapo Kiswahili kina upambanuzi mkubwa zaidi. Kikombe kinachovunjika kwa urahisi, kikombe kilichovunjika na kikombe kilichovunjwa ni mambo matatu. Kiingereza kina "breakable" kwa la kwanza, lakini neno "broken" hubeba la pili na la tatu pamoja. Kauli ya kutendeka na ya kutendwa, ambazo wanafunzi hukariri katika somo la mnyambuliko, zingepaswa kutumika hapa. Badala yake, tunazifundisha muhula mmoja na kuzisahau muhula unaofuata, tunapofika kwenye tafsiri.

Tunapendekeza jedwali libadilishwe kwa maswali matatu: Je, sifa hii ni asili ya kitu? Je, ni matokeo ya tendo, na kama ndivyo, mtendaji amedokezwa? Au ni jambo linalowezekana tu? Mwanafunzi akishajibu, ndipo atafute umbo katika lugha anayoiendea.

Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Baadhi ya wanafunzi wetu watakuwa walimu, na wengine watasimama kando ya mashahidi. Tusiwape jedwali ambalo sisi wenyewe tusingelitegemea tukiwa kizimbani.