Pazia la Meli

Jumamosi moja mwezi uliopita, katika kikao chetu cha kusomeana kazi, mwenzetu mmoja alitusomea hadithi fupi kuhusu mpiga picha wa Likoni. Sitamtaja jina. Anajijua, na nimemwambia mapema kwamba nitaandika haya. Hadithi inatokea siku ya Krismasi ya 1996. Mpiga picha, mzee mwenye kofia chafu, anawasimamisha vibarua mbele ya pazia lililochorwa meli, anawapiga, anachukua pesa zao na kucheka moyoni kwa kuwa maskini wamenunua ndoto. Jioni kibarua mmoja anarudi chumbani kwake, anaitazama picha yake kwa taa ya koroboi, kisha anaichana. Mwisho. Watu walipiga makofi, mimi sikupiga. Mhariri akaniambia kama nina la kusema nikaliandike. Basi ndilo hili.

Nianze na madogo, maana hapa kwetu tumezoea kurukia maudhui kabla hatujaikagua fani, ilhali darasani tulifundishwa kwamba viwili hivyo haviachani. Mzee wa hadithi anamgeuzia mteja kamera amwonyeshe alivyotoka. Jamani, 1996! Kamera za pale kivukoni zilikuwa za filimu. Nyuma yake hapakuwa na cha kumwonyesha mtu ila kifuniko, na ukikifungua kabla ya wakati umewaunguza wateja thelathini na sita kwa mpigo. Na kibarua alipataje picha jioni ile ile ya Krismasi? Filimu ilibidi kwanza iishe, kisha ivuke na feri kupelekwa mjini kusafishwa, na sikukuu maabara ya picha zimefungwa. Picha ile angeipata baada ya siku tatu, nne, pengine juma zima. Hivyo kule kuichana, ambako ndiko kilele cha hadithi, hakuwezekani siku hiyo. Mwenzetu atasema haya ni mambo ya ufundi tu. Mimi nasema hapo ndipo alipoiacha hadithi yenyewe: mtu amevaa suruali ya kuazima, ametoa arubuni, sasa anangoja juma zima kujiona.

Sasa nikiri maslahi yangu, asije mtu akanifichulia. Mpiga picha wa Likoni ni mjomba wangu. Karo yangu ya muhula wa kwanza, kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilitoka Disemba. Haikutoka Novemba wala Januari. Miezi mingine ilikuwa picha za pasipoti, za kitambulisho, za mtoto anayeanza shule, kazi ya kumtosha mtu unga na kodi ya kibanda. Mwaka wa mpiga picha una siku kama kumi za maana: Krismasi mpaka Mwaka Mpya, Pasaka, Idi ya kwanza na ya pili, halafu Idi ya kuchinja. Ikinyesha siku hizo, mwaka umekwenda. Tangu kidato cha pili nimembebea mjomba betri, printa na kiti cha plastiki. Kwa hiyo ninaposikia "mpiga picha alicheka moyoni" najiuliza alicheka saa ngapi. Krismasi mjomba huondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, sauti imemkauka kwa kuita watu, na pilau yake ameiacha ikapoa.

Vibanda vya Likoni vilivyosimama karibu na feri vilishamiri miaka ya 1980 na 1990. Vilikuwa vya mbao, ndani pazia la kuchorwa: meli, ndege, majumba marefu, minazi. Wengine walipamba kwa maua ya plastiki na karatasi za kumetameta hadi mteja akaonekana kama amekaa ndani ya keki ya harusi. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi bandarini, hotelini na majumbani mwa watu. Likizo ikifika, mwenye nauli alipanda basi kwenda kwao, na asiye na nauli alituma picha. Yalipozuka machafuko ya Likoni, Agosti 1997, watu wa bara wengi walikimbia na wengine wakauawa. Mjomba husema Disemba ile alikaa kibandani kama muuza barafu kwenye baridi. Watalii walipungua, hoteli zikafukuza wafanyakazi, na mfanyakazi aliyefukuzwa hapigi picha ya sikukuu. Mwenzetu aliiweka hadithi yake 1996, miezi minane tu kabla ya hapo, na hakuona kwamba ana moto mkononi.

Nije kwenye pazia, maana ndilo shauri lenyewe. Shuleni tuliambiwa mandhari ni mahali na wakati hadithi inapotokea. Mpiga picha wa Likoni anayo mandhari ya kukunja, anaiviringisha jioni na kuifunga kamba. Hoja ya hadithi ni kwamba mandhari hiyo ni uongo, na anayeiuza ni tapeli. Mimi naona hoja hii haikumwangalia mteja. Mtu anayesimama mbele ya meli iliyochorwa, hatua mia kutoka bahari yenye meli za kweli, anajua vizuri kuliko sisi sote kwamba ile ni rangi juu ya kitambaa. Amepita feri sasa hivi! Angetaka meli ya kweli angegeuka tu. Anachagua ya kuchorwa kwa sababu ile haiondoki, haina watu wanaokatiza mbele, na iko saizi ya kutoshea kwenye picha pamoja na viatu vyake. Nyumbani nao hawadanganyiki. Wanachosoma ni kwamba kijana yu hai, amenenepa au amekonda, ana saa mkononi, anatukumbuka. Meli ni salamu, kama ile "ama baada ya salamu" ya barua. Nani anaisoma barua akasema salamu zile ni uongo?

Wala si Likoni peke yake. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki 1993, alikuwa akikata picha na kuziunganisha upya, mtu akajikuta mahali ambapo hakuna binadamu awezaye kusimama. Hakufundishwa na mtu, alijifundisha mwenyewe. Mjini hapa Mombasa N. V. Parekh alikuwa na studio ya adabu zote, taa zimepangwa, wake kwa waume wamepambwa kama wachezaji wa sinema za Kihindi. Picha za Likoni nazo zilitundikwa kwenye maonyesho mjini Munich mwaka 1998, Wazungu wakazitazama wamefunga mikono nyuma. Silitaji hilo kama cheti. Nalitaja kwa kuwa inaniuma kidogo kuona wageni walizichungulia kwa makini kuliko sisi tunaopita pale kila siku tukikimbilia feri.

Lakini sitaki nionekane namtetea mjomba kwa kila kitu. Nina picha zake mbele yangu hapa, kiasi cha mia mbili hivi, na nyingi ni mbovu. Watu wamekakamaa kama wanaosubiri sindano. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ua la plastiki, ua lile lile Krismasi hii na Pasaka ile. Flashi imepigwa usoni moja kwa moja, basi mwenye ngozi nyeusi sana amebaki meno na kola ya shati, na mweupe amekuwa kama karatasi. Ukizipanga huwezi kujua nani ni nani kwa namna alivyosimama. Nilipomuuliza mjomba mbona wote wamekauka hivi, alinijibu, "Mwanangu, filimu ilikuwa na picha thelathini na sita." Alidhani amemaliza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kweli alikuwa amemaliza.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mteja alipewa mlio mmoja. Akipepesa jicho, hasara. Ni ya mjomba ikiwa mteja ataikataa picha, ni ya mteja ikiwa mjomba ni mkali. Kwa hiyo wote wawili walitafuta mkao usioweza kuharibika: simama wima, kaza macho, usicheke, usihema. Ule ukakamavu tunaouita ushamba umetokana na bei ya filimu. Hapa ndipo ningetaka mwenzetu achimbe, maana ni jambo ambalo mwandishi analijua. Sisi tunaandika rasimu sita na kuchana tano. Mhusika wake alikuwa na rasimu moja, na nyuma yake foleni ya watu ishirini waliovaa nguo mpya wanaotoka jasho.

Kuna picha moja inayonisumbua kila nikiwaza haya. Ni ya Malick Sidibé wa Bamako, nchini Mali, na inaitwa Usiku wa Noeli, ya 1963. Kijana wa kiume amevaa suti nyeupe, msichana hana viatu, wanacheza, vichwa vyao vimeinamiana karibu kugusana, na wote wanatazama chini miguuni kana kwamba miguu ndiyo inayoongea. Nchi yenyewe wengi wake ni Waislamu, imepata uhuru miaka mitatu tu nyuma, na vijana wanaitumia Krismasi kama sababu ya kucheza. Sidibé, aliyefariki 2016, baadaye alipewa tuzo kubwa, mojawapo ile ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 2007. Lakini usiku ule alikuwa kazini. Desturi yake ilikuwa kuzunguka sherehe kadhaa usiku mmoja, kurudi studio usiku huo huo kusafisha filimu, kisha kuchapa vipicha vidogo, kuvigandisha kwenye makaratasi magumu na kuvipa namba, ili vijana waje waviangalie nje ya studio na kuagiza. Hiyo ni biashara ya msimu, kama ya mjomba. Haraka ile ile, usingizi ule ule uliokosekana.

Basi tofauti iko wapi? Nimeitafuta, maana nisipoitafuta nitakuwa nasema picha zote ni sawa, na hilo silikubali. Naona Sidibé alikwenda walipokuwa watu, wakamsahau. Mjomba aliwangoja watu waje kwake, na mtu aliyekuja kupigwa picha hawezi kukusahau. Ila katika zile mia mbili ziko kama nne ambazo zimepona. Moja ni ya wanawake wawili, nadhani ni wafanyakazi wa nyumbani, kwa sababu mmoja bado ana leso ya jikoni begani aliyosahau kuitoa. Pazia la meli liko nyuma yao. Mwenziwe ameiona leso sekunde ile ile kamera ilipolia, ameanza kucheka, mkono umekwenda kuivuta. Mjomba anaihesabu kuwa hasara: walikataa kuilipia. Mimi ningetoa hadithi zangu zote nilizowahi kusoma kikaoni nipate kuandika leso ile.

Picha hizi zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mikebe miwili ya biskuti ambamo mjomba aliweka zisizochukuliwa. Mtu alitoa arubuni siku ya Krismasi, akapanda basi tarehe 2, hakurudi tena. Ama alirudi, pesa ya kumalizia hana. Mwaka jana, wiki moja kabla ya Krismasi, alikuja mama mmoja kutoka bara akiuliza kama huyu ndiye yule mpiga picha wa zamani wa feri. Baba yake alifanya kazi bandarini, amekufa, na nyumbani hakuna picha yake hata moja. Alikumbuka kuambiwa alipoteka maji mtoto kwamba baba amepiga picha mbele ya meli na ataituma. Haikufika. Mjomba akanituma nyumbani, nikaleta mikebe. Tuliimwaga kwenye kiti cha plastiki na yule mama akaangalia moja moja, hana haraka, wateja wakipita. Nyingine alizirudia. Hakumpata. Akasema, "Asante, baba," akazipanga upya kwenye mikebe kwa ukubwa wake, vizuri kuliko zilivyokuwa. Sijui kama ni picha ambayo mjomba aliipiga au ni ya kibanda cha jirani. Mjomba naye hakujua, na siku ile hakuita wateja tena mpaka jioni.

Siku hizi mjomba yuko Mama Ngina, kamera ya dijitali shingoni. Milio haina hesabu, lakini picha inayolipwa ni ile inayochapwa tu. Idi ya kwanza ndiyo siku nzuri, kwa sababu watoto wana mkono wa Idi mfukoni na bado hawana simu. Mtoto wa miaka saba anatoa noti yake, anasimama wima, anakaza macho, anaacha kuhema. Ule mkao haujafa! Wakubwa wanataka apige ishirini, wanachagua moja, kisha wanamwambia, "Nitumie tu kwa simu, mzee." Wengine hawamtaki kabisa, wanamwomba awapige kwa simu yao wenyewe, bure, na mjomba huwapiga. Nilimgombeza kwa hilo. Akasema pale amesimama akifanya nini.

Kwa mwenzetu: rasimu ya pili naisubiri. Kofia chafu sina neno nayo, mjomba anayo. Toa kile kioo cha nyuma ya kamera, ongeza zile siku nne za kungoja, na kama kibarua lazima aichane picha, basi aichane tuione sababu. Pazia ukitaka kulitazama kabla hujaandika, liko kwetu. Limefunika mifuko ya saruji uani, meli imekatika katikati ambapo lilikuwa linakunjwa, lakini jina ubavuni bado linasomeka. Njoo siku yoyote isipokuwa Idi.