Mwanzo 2:18 Si Hukumu kwa Wasio na Ndoa

Katika ibada za ndoa hapa Tinde, Mwanzo 2:18 husomwa mara nyingi, na mahubiri hufuata njia moja: asiye na mwenzi ni nusu mtu. Tafsiri hii ina kasoro. Andiko linasema juu ya upweke. Halisemi kwamba kila asiyeoa ni mpweke, wala kwamba ndoa ndiyo dawa pekee. Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anaziona hali zote mbili kuwa karama. Luther naye mwaka 1521 aliandika kupinga nadhiri za utawa zilizofunga dhamiri. Mwenyewe alioa mwaka 1525, akiwa na miaka 41. Alitetea uhuru. Sisi tumeugeuza kuwa sharti jipya.

Jeraha lake ni la moyoni. Dada anayeitwa msimbe kila siku huanza kuamini kwamba hata Mungu amemkataa. Mwingine huingia ndoa mbaya ili tu aheshimiwe. Kadi ya mchango wa harusi tunampelekea. Akiugua, nani humpikia uji? Mhubiri anayelisoma vema andiko hili atauliza usharika kwanza: ni nani tumemwacha peke yake?