Kuyeyuka na Kulegea: Maneno ya Joto katika Elimu ya Plastiki

Katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo sayansi, neno "kuyeyuka" aghalabu hubebeshwa mzigo usio wake. Plastiki ipatwayo na joto ikaacha ugumu wake huambiwa imeyeyuka, kana kwamba ni samli.

Fundi wa bomba, awe Kalangalala mjini Geita au penginepo, ajua zaidi ya hayo. Huipasha moto ncha ya bomba la PVC hata ikalegea, akaivika juu ya bomba jingine. Ikipoa hukakamaa katika umbo lile jipya. Bomba halikuwa uji hata kidogo. Limevuka tu nyuzi 80 hivi za Selsiasi, ambapo minyororo ya molekuli iliyokuwa imefungamana hupata nafasi ya kujongea. Kuyeyuka ni jambo la fuwele zivunjikapo mpango wake, kama zile za polithini ngumu, karibu na nyuzi 130.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Hadubini ya nguvu za atomu, iliyotangazwa mwaka 1986 na Binnig, Quate na Gerber, hugusa uso wa kitu kwa ncha nyembamba mno, na kupinda kwa mkono ulioishika ncha hiyo hupimwa. Hivyo ukakamavu wa polima hujulikana katika eneo la nanometa chache, huku joto likipandishwa. Polistirini ipitapo nyuzi 100 hivi hupungukiwa na ukakamavu kama mara elfu, wala haijayeyuka. Tena mwaka 1994 Keddie, Jones na Cory, wakipima kwa nuru, walionyesha kuwa utando mwembamba sana wa polistirini juu ya silikoni hulegea katika joto dogo kuliko kipande kinene. Mfasiri aandikaye hapo "huyeyuka" ameyafuta matokeo yenyewe.

Yaweza kusemwa kwamba "kulegea" ni neno la kamba na skrubu, halina heshima ya istilahi. Lakini hiyo ndiyo nguvu yake: kamba iliyolegea haijakatika. Vivyo hivyo "ugumu" usiachiwe kila kazi; uwe wa kukinza mkwaruzo, na "ukakamavu" uwe wa kukinza kupinda. Watunga istilahi wakiyathibitisha maneno haya matatu, mwanafunzi atasoma darasani lile alionalo kwa fundi.