Neno "Katuni" na Mzigo Lililotwishwa

1. Swali la mwalimu

Hivi karibuni tulipokea barua kutoka kwa mwalimu wa shule moja ya sekondari. Alikuwa amewaagiza wanafunzi wake waeleze, kwa kurasa mbili, kitabu walichokisoma wakati wa likizo. Mmoja wao alieleza hadithi ya msichana yatima anayewalea wadogo zake wawili katika chumba cha kupanga. Aliichambua tabia ya mwenye nyumba, akaonyesha ni wapi msomaji anaanza kumwonea huruma na ni wapi anaanza kumchukia. Mwalimu alifurahi mpaka alipoifikia sentensi ya mwisho, iliyosema kwamba kitabu hicho "ni katuni". Papo hapo aliipiga kazi yote mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Nilitaka kitabu." Baada ya siku tatu moyo ulimsuta, naye akatuandikia kutuuliza: je, angaliikataa kazi ile kama mwanafunzi angalitumia neno jingine?

Jibu letu ni kwamba pengine asingaliikataa. Kwa sababu hiyo tumeona kwamba barua yake haistahili jibu la mistari miwili tu. Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza neno "katuni" na namna tunavyolitumia magazetini, madarasani na katika uhakiki, na kuonyesha kwamba neno hilo limetwishwa mzigo usio wake. Hatukusudii kuwalaumu wengine na kujiacha sisi wenyewe. Sisi tunaoshughulika na istilahi tumekuwa hodari wa kutafuta majina ya vipuri vya mashine, lakini mbele ya kurasa zinazosomwa na maelfu ya vijana tumeridhika na neno moja.

2. Mambo matano chini ya jina moja

Tuangalie kwanza yale yanayoitwa katuni katika matumizi ya kila siku. La kwanza ni mchoro mmoja wa gazetini unaotoa maoni juu ya jambo la siku, kama ile michoro ya Kipanya ya Ali Masoud, au ile ya Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyejipatia jina la Gado kwa kazi zake katika magazeti ya Kenya. La pili ni mfuatano mfupi wa michoro unaomrudia mhusika yule yule toleo baada ya toleo, kama Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. La tatu ni masimulizi marefu yanayosimuliwa kwa michoro na maneno, yawe kitabu kizima au sehemu zinazofuatana katika gazeti la burudani. La nne ni sura ya mtu mashuhuri iliyochorwa kwa kutiwa chumvi, pua ikavutwa na tumbo likajazwa. La tano ni filamu ya michoro inayotembea, ambayo watoto huitazama kwenye televisheni.

Mambo haya matano yana undugu, kwa kuwa yote yametoka katika kalamu ya mchoraji. Lakini undugu si umoja. Shairi, tamthilia na riwaya nazo ni ndugu, na hakuna mhakiki anayeziita zote "maandishi" akatosheka. Mchoro mmoja wa gazetini hushika hoja moja na kuipiga ngumi moja. Masimulizi marefu yana wahusika wanaokua, wakati unaopita na mandhari inayobadilika. Kuyapima mawili haya kwa kipimo kimoja ni kama kuipima methali kwa urefu wa utenzi.

Tena neno "katuni" limekuja na harufu ya kicheko. Tumelipokea kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka neno la Kitaliano lenye maana ya karatasi nene. Asili yake ilikuwa mchoro wa matayarisho, ambao fundi aliuchora kwanza kabla ya kuhamishia picha ukutani. Mwaka 1843 gazeti la Punch la London liliichapa michoro ya dhihaka na kuipa jina hilo, likiikebehi michoro ya aina ile ya kwanza iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya jengo jipya la Bunge la Uingereza. Tangu hapo dhihaka ikaganda kwenye neno. Kwa hiyo tulipolichukua, hatukuchukua jina la kitu peke yake, bali tulichukua na hukumu iliyofungwa ndani yake: kwamba kilichochorwa ni cha kuchekea.

Hukumu hiyo ndiyo iliyomwangukia yule mwanafunzi.

3. Wengine wamekiitaje?

Ni desturi nzuri ya kazi yetu kutazama lugha nyingine zimepitia njia gani, si kwa kuziiga, bali kwa kujifunza walikojikwaa. Wafaransa walitazama umbo, wakasema ni ukanda uliochorwa. Wabrazili walitazama vyumba vilivyomo katika ukurasa, wakasema ni hadithi ya viraba. Wachina waliutazama mfuatano, wakasema ni picha zilizoungana. Waitaliano waliyaona mawingu madogo yanayotoka vinywani mwa wahusika, wakaita fumetti, yaani vimoshi. Wahispania walilitwaa jina la gazeti la Barcelona lililoanza mwaka 1917, TBO, wakalitamka kama neno, likawa tebeo, na leo limo katika kamusi yao. Waingereza na Wamarekani peke yao, kati ya hao tuliowataja, ndio walioshika kicheko, wakaita kitu kizima kwa neno lenye maana ya kuchekesha.

Je, kosa la jina lina madhara? Tutazame Marekani. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuyashambulia machapisho hayo kwamba yanawapotosha vijana, na mwaka huo huo kamati ya Baraza la Seneti ikayajadili. Wachapishaji wakajitungia kanuni za kujidhibiti. Miongoni mwa kanuni hizo mlikuwamo zinazohusu maneno hasa: maneno ya "kitisho" na "hofu kuu" yalikatazwa kutumiwa katika majina ya machapisho yao. Kwa maoni yetu, jambo hili lisingalikwenda kwa wepesi hivyo kama jamii ingalikuwa imezoea kuona kwamba aina hii ya utunzi inaweza kuwa ya watu wazima. Jina lilikwisha sema kwamba ni kichekesho. Kichekesho kikadhaniwa kuwa cha mtoto. Basi kila kilichochorwa kikapimwa kwa kipimo cha mtoto.

Japani nako wachoraji walilihisi tatizo hilo hilo. Neno lao, manga, lina maana iliyo karibu na michoro ya mzaha au isiyofungwa na utaratibu. Mwaka 1957 mchoraji Yoshihiro Tatsumi alibuni neno jingine, gekiga, ambalo twaweza kulifasiri kuwa picha za kitamthilia, ili kazi zake za watu wazima zisichanganywe na zile za watoto. Watunzi wenyewe ndio waliodai istilahi, hawakuingoja kamati. Hata hivyo neno la kwanza nalo lilipanuka. Mwaka 1973 Keiji Nakazawa, aliyenusurika na bomu la Hiroshima akiwa na umri wa miaka sita, alianza kutoa masimulizi marefu ya maafa hayo katika gazeti la manga la vijana, na hakuna aliyeyasoma akadhani kwamba ameletewa mzaha.

Kwa kuwa tumelitaja neno manga, tuongeze kwamba vijana wetu wanalitumia sana, nasi hatuna ugomvi nalo maadamu linataja kazi za Kijapani. Lakini tusisahau kwamba Manga ni neno la zamani katika Kiswahili, lenye kutaja nchi ya Waarabu, na hasa Omani. Pilipili manga ingali jikoni mwetu, na Mmanga angali katika kamusi. Kuiita kila hadithi iliyochorwa "manga" ni kuongeza utata pale ambapo tulikuwa tunautafutia dawa.

4. Mtego wa "riwaya ya picha"

Wapo wanaosema kwamba dawa imekwisha patikana: tufasiri jina jipya la Kiingereza na kusema "riwaya ya picha". Jina hilo lilienea baada ya Will Eisner kutoa kitabu chake mwaka 1978, na nia yake ilikuwa njema, yaani kukipa heshima kilichodharauliwa. Sisi tunaona kwamba ni mtego. Heshima hiyo ni ya kuazima, maana inakubali kimya kimya kwamba kitu hakiwezi kuheshimiwa mpaka kivae kanzu ya riwaya.

Zaidi ya hayo, jina hilo linasema uwongo juu ya vitabu vingi. Art Spiegelman wa Marekani alisimulia kwa michoro maisha ya baba yake chini ya Wanazi, katika kitabu kiitwacho Maus. Gazeti la New York Times lilipokiweka mwaka 1991 katika orodha ya vitabu vya kubuni, aliandika kupinga, na kitabu kikahamishiwa upande wa vitabu vya mambo ya kweli. Mwaka 1992 alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Kitabu kama hicho si riwaya, wala si kichekesho. Tukikiita riwaya tunamvunjia heshima marehemu aliyesimuliwa. Tukikiita katuni tunamcheka.

5. Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza kazi zigawanywe. "Katuni" libaki kwa mchoro mmoja wa maoni, ambako limekwisha zoeleka na ambako dhihaka ni haki yake. "Kibonzo", neno linalosikika sana Kenya, litumike kwa mfuatano mfupi wa kuchekesha. "Kikaragosi" litaje sura iliyotiwa chumvi. Filamu iitwe "filamu ya uhuishaji", kwa kuwa mchoro uliolala umehuishwa.

Linabaki lile la tatu, ambalo ndilo lenye dhara kubwa. Wengi husema "hadithi ya picha", na ni jina jema, ila neno "picha" lina wingi wa maana. Picha hupigwa kwa kamera, na yamekuwapo magazeti ya hadithi zilizosimuliwa kwa picha za namna hiyo. Picha pia ni sinema. Wazee wetu walikwenda "kutazama picha". Sisi tunaliunga mkono neno "pichadithi". Lilitumika Nairobi katika miaka ya 1980 likiwa jina la mfululizo wa vitabu vya masimulizi ya jadi yaliyochorwa. Limeungwa kwa ustadi: mwisho wa "picha" umeumeza mwanzo wa "hadithi", ulimi haukwami, na sikio linaelewa bila mkalimani. Atakayesema kwamba hilo ni jina la mfululizo mmoja tu, tunamkumbusha tebeo ya Wahispania. Atakayesema kwamba hadithi nayo huwa ya kubuni, tunamjibu kwamba Mswahili husimulia pia hadithi ya maisha yake.

Jina la kitu kizima halitoshi, maana uhakiki hauendi bila majina ya viungo. Someni maoni yanayoandikwa juu ya kazi hizi. Mhakiki hueleza kisa kana kwamba hapakuwa na michoro, kisha huongeza kwamba "michoro inavutia", akaweka nukta. Hatumlaumu, hana maneno. Tunapendekeza ayachukue katika ushairi wetu. Mchoro mmoja wenye mipaka yake uitwe "kipande", na safu ya vipande iitwe "mshororo". Ukingo wa kipande uitwe "pindo", kama lile la kanga, vazi ambalo kwa muda mrefu limebeba picha na maneno pamoja. Wingu la maneno liwe "kiputo". Nafasi iliyo kati ya kipande na kipande iitwe "mwanya". Mmarekani Scott McCloud alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1993 kwamba humo ndimo msomaji anamofanya kazi kubwa, akikamilisha kwa akili tendo ambalo halikuchorwa. Mkono umeinuliwa katika kipande kimoja, mtu yuko chini katika kinachofuata. Pigo lenyewe limo mwanyani, na msomaji ndiye aliyelipiga.

Kuhusu sauti, hatuhitaji kubuni chochote. Fasihi simulizi imekwisha tupa "tanakali za sauti". Mfasiri anayeacha milio ya bunduki na vishindo vya Kiingereza ukurasani ilhali kwetu mtu huanguka pu, hutumbukia chubwi na hunyamaza ji, huyo amefasiri nusu ya kitabu.

6. Hitimisho

Twajua kwamba istilahi haiamriwi. Watu wataendelea kusema katuni mitaani, na mtaa una haki yake. Tunachoomba ni kwamba mwalimu, mkutubi na mhakiki, ambao neno lao hutoa hukumu, wapime kabla ya kutamka. Gazeti la Sani, lililoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwafanya vijana wengi wawajue Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Vijana hao walikuwa wakisoma Kiswahili, na mara nyingi walikisoma kwa hiari kuliko kile cha darasani. Taifa linalolalamika kwamba watu wake hawasomi haliwezi kuwaambia kwamba walichosoma si kitu.

Tumemjibu mwalimu yule kwamba arudishe alama za mwanafunzi wake, na kwamba kosa likatwe kwa neno moja tu, la mwisho. Tena nalo si kosa la mtoto. Alilitumia neno tulilompa.

Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa kutoka lahaja na lugha nyingine za Kibantu, wanaombwa watuletee pamoja na mifano ya matumizi, ili yajadiliwe katika matoleo yajayo.